Tumehama miji mitatu Marekani kutafuta pa kusomeshea watoto nyumbani: uzi wa wanaojiuliza wakakae wapi

mama_watatu (#1)

Wadau habari za saa hizi. Nimekuwa msomaji tu humu kwa muda mrefu, leo nafungua uzi kwa sababu kila wiki napata meseji za watu wanauliza kitu kilekile, "dada nasikia unasomesha watoto nyumbani, na sisi tunataka, tuhamie mji gani?" Nilikuwa namjibu kila mtu kivyake mpaka vidole vimechoka, sasa nayamwaga yote hapa na wenye uzoefu wa miji mingine mtaongezea.

Kwanza mtujue. Mimi mtu wa Muheza, mzee wa Mwanza, tuna watoto watatu, mkubwa 11, wa kati 8, wa mwisho 5. Mzee anaendesha semi, yale malori ya trela, kuna wiki anarudi Ijumaa, kuna wiki anapitiliza. Mimi nabeba boksi kwenye nyumba ya wazee, shifti za usiku wikiendi. Korona ilipofunga shule 2020 tulijikuta walimu kama kila mtu, shule zilipofunguliwa tukamrudisha mkubwa, lakini kuna kitu kilituumiza. Baba akipata mapumziko yanaangukia Jumanne na Jumatano, mtoto yuko shule, akirudi ni homwek na kulala, kesho yake baba anaondoka. Ikafika mahali mtoto akimuona baba yake mlangoni hasemi shikamoo, anaanza na "baba unaondoka lini?" Mzee alikaa kwenye kochi akanyamaza muda mrefu, usiku ule ndo tuliamua.

Wakati ule tulikuwa Houston. Kwa sheria Texas ni rahisi kuliko nilivyotegemea, Mahakama ya Juu ya jimbo iliamua 1994 kwamba nyumba inayosomesha watoto inahesabika kama shule binafsi, kwa hiyo huombi ruhusa kwa mtu. Unatakiwa uwe na mtaala ulioandikwa, ufundishe kweli, na masomo matano yawemo: kusoma, tahajia, sarufi, hesabu na uraia mwema. Kama mtoto alikuwa shule ya serikali unaandika barua ya kumtoa, basi. Na Waswahili Houston wamejaa, misiba na harusi hukosi mtu. Kilichotushinda ni umbali. Rafiki wa mwanangu alikuwa dakika 45 kwa gari kama haiwei haijafunga, kikundi cha wazazi wenzetu kilikuwa upande mwingine kabisa wa mji, nikawa nashinda barabarani. Mji una kila kitu ila kila kitu kiko mbali na kila kitu, na joto la Julai na Agosti mtoto hawezi kucheza nje mchana. Tulikaa na sheria nzuri na watoto wapweke.

Halafu tukakosea. 2022 tukahamia kimji kidogo New York ya juu huko, nusu saa na zaidi kutoka Syracuse, kwa sababu moja tu, nyumba ilikuwa bei rahisi na ina uwanja. Nilichoangalia ni picha za nyumba, sheria sikuisoma. Kumbe New York unaandika barua ya kusudio, halafu unaandaa mpango wa masomo wa kila mtoto, halafu ripoti nne kwa mwaka, saa 900 kwa darasa la kwanza mpaka la sita na 990 kuanzia la saba, na tathmini mwisho wa mwaka. Barua nilipeleka kwa mkono wangu, yule dada wa mapokezi akaichukua, mimi nikaondoka na amani. Mwezi uliofuata ikaja barua ya utoro, mtoto wako hajaonekana shuleni. Nikapiga simu wananiambia hawana kumbukumbu yoyote ya barua yangu. Baadaye akaja mtu mlangoni na faili mkononi, saa 4 asubuhi, watoto wako mezani wanafanya hesabu, wa kati alipoona kitambulisho kimening'inia shingoni kwa yule mtu akaja kujificha nyuma ya gauni langu. Yaliisha vizuri, yule mama alikuwa muungwana, aliangalia madaftari akatupongeza, ila mimi wiki nzima usingizi sikupata. Tangu hapo kila karatasi inayohusu masomo ya wanangu inakwenda kwa barua ya rejesta, na ile kadi ya kijani ya posta inayorudi na sahihi ya aliyepokea naigandisha kwenye faili. Hata uwe jimbo rahisi namna gani, fanyeni hivyo.

Karatasi hata hivyo nilizizoea. Ripoti nne kwa mwaka sio mlima. Kilichotuua pale ni kwamba hapakuwa na mtu. Maktaba ilikuwa chumba kimoja kinafunguliwa siku chache kwa wiki, basi hakuna, njia za miguu hakuna, gari moja na mzee yuko nalo, theluji kuanzia Novemba. Mtoto wangu mkubwa alipitisha miezi minne bila kuongea na mtoto ambaye sio ndugu yake. Kiswahili walikuwa wanakisikia kwangu peke yangu, na mimi nikichoka naongea Kiingereza, mnaelewa inavyokuwa.

Ndo hapo akili ilikaa sawa. Mtoto anayekwenda shule anaweza kuishi mji wowote, kwa sababu shule inamletea kila kitu, marafiki, vitabu, uwanja, chakula, mpaka baridi ya basi la asubuhi. Mtoto ambaye hayuko shule, mji wenyewe ndo shule yake. Ukichagua mji mbovu umempeleka shule mbovu, hata ukiwa mwalimu hodari vipi pale mezani.

Awamu ya tatu tulifanya tofauti. Tulikuwa na miji minne kwenye karatasi, na kila mji mzee alipopata mzigo wa kupita, tulipanda wote kwenye semi (kampuni yake inaruhusu abiria, ulizeni yenu) tukakaa siku mbili tatu, siku za kazi, sio wikiendi. Wikiendi kila mji unapendeza. Mimi nilikuwa naangalia Jumanne saa 4 asubuhi kuna nini ambacho naweza kufika na watoto watatu bila gari. Tukaishia Dayton, Ohio, tuko hapa tangu Juni 2024.

Nitaeleza kwa nini Dayton kwenye komenti inayofuata maana hii imekuwa ndefu, watoto wanataka chai.

Dereva wa Sabini (#2)

Dada umegusa penyewe. Mimi niko barabarani mwaka wa saba, na hiyo "unaondoka lini" nimeisikia kwa wangu wawili. Swali, kipato. Mke akikaa nyumbani tunabaki na mshahara mmoja, hiyo miji inayosemwa mizuri kodi zake hazishikiki. Nyie mnawezaje?

mama_watatu (#3)

Kaka ndo sababu ya kwanza ya Dayton. Ule mji ulikuwa wa viwanda, viwanda vikaondoka, watu wakapungua, nyumba zikabaki, kwa hiyo pango bado linavumilika. Sisi vyumba viwili tunalipa dola 1,050, Houston tulikuwa tunalipa zaidi na tunalala juu ya haiwei. Halafu kwa dereva, haiwei mbili, I-70 na I-75, zinakutana hapahapa kaskazini mwa mji, mzee akiwa anashuka kusini au anakwenda magharibi anapita nyumbani, hata yale masaa kumi ambayo dereva lazima apumzike kuna siku anayalala kitandani kwake. Hiyo peke yake imetuongezea siku za baba kwa mwezi bila kubadili kazi. Mimi nafanya Ijumaa na Jumamosi usiku, tunapishana.

Sasa sheria. Ohio walibadilisha 2023. Zamani ilikuwa saa 900, tathmini ya kila mwaka, mzazi awe na cheti cha sekondari. Kuanzia Oktoba 2023 hayo yameondoka. Sasa unamwandikia msimamizi wa wilaya ya shule taarifa, majina na anwani, na kwamba utafundisha Kiingereza, hesabu, sayansi, historia, serikali na maarifa ya jamii. Unaipeleka ndani ya siku 5 tangu uanze au uhamie wilaya mpya, na kila mwaka kabla ya tarehe 30 Agosti. Wao wanatakiwa wakujibu ndani ya siku 14 kwamba wamepokea. Ukihama hata mtaa wa jirani ambao ni wilaya nyingine, unaandika upya, hapo wengi wanasahau.

Ila nawaomba msiweke sheria juu ya yote. Jumanne yetu ya wiki iliyopita ilikwenda hivi. Tumetoka saa 3 na nusu, tumepanda basi la waya. Dayton ni moja ya miji michache Marekani iliyobaki na mabasi ya umeme yanayokamata nyaya juu barabarani, wa mwisho kila siku lazima akae dirisha la nyuma aone zile fito zinavyoteleza kwenye waya, na siku moja fito ikachomoka, basi likazima katikati ya makutano, dereva akashuka na glavu kuirudisha. Somo la umeme la wiki nzima likatokea pale, kwa nini lilizima, kwa nini alivaa glavu, kwa nini fito ni mbili. Mie nilikuwa nimepanga hesabu za sehemu, tukaziacha. Tukashuka maktaba kuu mjini, wamekaa mpaka saa 6, wakala mikate yao nje, tukarudi. Hiyo siku nzima nimetumia nauli tu.

Makumbusho ya Jeshi la Anga yako hapa, kiingilio bure, maegesho bure, ndege na makombora zaidi ya 350, mpaka ndege ya rais ambayo Johnson aliapishwa ndani yake siku Kennedy alipouawa, watoto wanaingia wanapita katikati ya viti. Tumekwenda sijui mara ngapi. Karakana ya baiskeli ya ndugu Wright, wale waliotengeneza ndege, ipo, nayo bure. Na kuna nyumba ya mshairi mweusi Paul Laurence Dunbar, ambaye wazazi wake walikuwa watumwa Kentucky na yeye alisoma darasa moja na Orville Wright. Mwanangu mkubwa alipojua kwamba hawa wawili walikaa darasa moja, mmoja akaja kuruka na mwingine akaja kuandika, na gazeti la huyu mweusi lilichapwa na huyo mweupe, alikaa siku tatu anaandika gazeti la nyumbani. Ukurasa wa kwanza ulikuwa habari za mdogo wake kumwaga uji.

Na kitu kimoja kilichonifurahisha zaidi. Kuna mabwawa matano kuzunguka bonde hili, makavu. Unafika umesimama juu ya tuta refu, upande huu majani, upande ule majani, mto mdogo unapita chini kwenye tundu. Wa kati akaniuliza, "mama bwawa gani halina maji?" Nikaenda kusoma. Kumbe Machi 1913 mito ilifurika ikazamisha mji, wakafa watu zaidi ya 300, wenyeji wakachanga hela wenyewe wakajenga hayo matuta yakaisha 1922, yanazuia maji siku ya mafuriko tu na siku nyingine ni mashamba na njia za kutembea. Jiografia, historia, hesabu za ujazo, vyote pale juu ya tuta, na upepo unampeperusha mtoto kofia.

tulia_lancaster (#4)

Mama Watatu hongera, ila nataka nitetee majimbo ya karatasi nyingi kidogo. Mimi niko Lancaster, Pennsylvania, mwaka wa nne huu. Hapa unapeleka hati ya kiapo kabla ya tarehe 1 Agosti na malengo ya masomo, rekodi za chanjo, unahesabu siku 180 au saa 900 kwa wadogo na 990 kwa wa sekondari, mtihani darasa la 3, la 5 na la 8, halafu kila mwaka mtathmini anakaa na mtoto na faili lake na barua yake inafika wilayani kabla ya tarehe 30 Juni. Mwaka wa kwanza nililia. Lakini lile faili, dada, ndo limeniokoa. Mwaka juzi nilipata mimba ya shida, nilikuwa nalala tu, na bila ile tarehe 30 Juni kunisubiri nadhani mwaka ungepita hivihivi na mtoto asingejua kugawanya. Mtathmini wetu ni mwalimu mstaafu, anakuja anakunywa chai, anamuuliza mwanangu maswali kwa upole, ndiye aliyegundua mtoto haoni ubao vizuri. Alikuwa anahitaji miwani na mimi mama yake sikuona.

Kwa hiyo mtu anayejijua kwamba bila kusukumwa hafanyi, asikimbilie jimbo la uhuru.

mama_watatu (#5)

Tulia umesema kitu ambacho sikukifikiria, ahsante. Naongezea basi kwangu, tuliyotoka nayo New York tumeendelea nayo, faili la kila mtoto, kazi tatu nzuri za kila mwezi na orodha ya vitabu, ingawa Ohio hakuna anayeniuliza. Na hiyo ya macho wazazi wote shikeni. Shuleni kuna anayewapima macho na masikio, nyumbani lazima uwapeleke wewe.

Kamanda_Mstaafu (#6)

Mimi nitasema kinyume, mnisamehe. Nimefanya kazi na familia za wakimbizi hapa Marekani miaka mingi. Nimeona watu wanaambiwa "someshea nyumbani ni rahisi" halafu mtoto wa miaka 12 ndiye anamlea mdogo wake, mama yuko kazini kiwandani, hakuna somo lolote. Shule za umma zina matatizo yake lakini zina kifungua kinywa na chakula cha mchana bure kwa familia za kipato cha chini, zina mwalimu wa Kiingereza kwa wageni, zina mtaalamu wa kuongea kwa mtoto mwenye kigugumizi. Ukimtoa mtoto unayaacha hayo yote. Mseme na hilo, sio ndege na mabwawa tu.

mama_watatu (#7)

Shikamoo Kamanda, sikupingi hata kidogo na nashukuru umeliandika wazi. Chakula nitaanza nacho maana ni hela. Watoto watatu milo miwili siku tano, mimi nilipiga hesabu ya gharama ya chakula kwa mwezi mmoja kabla hatujaamua, na kila anayewaza hili aipige na kalamu mkononi, sio kwa kukisia. Mtoto mwenye huduma maalumu ya shule, kama ya kuongea au ya kujifunza taratibu, ushauri wangu asitolewe mpaka mmeuliza wilaya mnayohamia na mmepata jibu la maandishi, maana inatofautiana sana. Na kama wazazi wote wawili mko kazini mchana, hakuna mji utakaowasaidia, mwacheni mtoto shule mumsaidie jioni.

Kiingereza ndo pagumu zaidi. Mimi nimesoma mpaka kidato cha nne nyumbani, nasoma kitabu cha darasa la sita bila shida. Mkubwa akifika hesabu za sekondari nitakwama, najua. Ndo maana kwenye kuchagua mji niliuliza pia habari ya chuo. Ohio wana mpango unaoruhusu mtoto kuanzia darasa la 7 kuchukua somo la chuo bure akifaulu kuingia, hata anayesomea nyumbani, ila huyu lazima aombe fedha za serikali mapema. Hapa mjini chuo cha jamii kiko katikati ya mji, basi letu linapita mlangoni. Na sheria ya Ohio inampa mtoto wa nyumbani haki ya kucheza michezo kwenye shule ya wilaya yake, mkubwa wangu mwakani anataka kukimbia.

Wa Mbeya Minnesota (#8)

Salamu kutoka Brooklyn Park. Minnesota taarifa ni kila mwaka kabla ya tarehe 1 Oktoba, mtihani kila mwaka, na mtoto akiangukia kwenye asilimia 30 ya chini kati ya wenzake kitaifa lazima afanyiwe uchunguzi zaidi kujua shida iko wapi. Sio mbaya. Kizuri ambacho wengi hawakijui, gharama za vitabu na vifaa vya kusomeshea nyumbani unaweza kuziombea nafuu kwenye kodi ya jimbo, kwa hiyo tunzeni risiti. Wakenya, Wasomali na Waliberia wamejaa upande huu wa kaskazini, kila aina ya chakula ipo. Baridi ndo yenyewe, lakini maktaba na viwanja vya ndani ni vingi mno, Januari watoto wangu wanaogelea mara mbili kwa wiki. Mtu asiogope baridi kama mji umejengwa kwa ajili ya baridi. Mama Watatu ile sehemu yako ya New York ilikuwa na baridi bila mji.

mama_watatu (#9)

Baridi bila mji, ndo hasa.

Fatma_Louisville (#10)

Louisville nayo muiweke kwenye karatasi. Wakongo ni wengi, Kiswahili unakisikia dukani. Kentucky unapeleka barua ndani ya wiki 2 za mwanzo wa mwaka wa masomo, unatunza daftari la mahudhurio na alama, siku 170 na saa 1,062. Mtaani kwetu ukitaka mihogo, sombe (kisamvu), samaki wa kukaushwa, hutoki nje ya dakika kumi.

mama_wa_Erie (#11)

Dada zangu mimi ni mgeni humu. Nimetokea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, tumefika Marekani 2017, tuko Erie, Pennsylvania. Nina watoto wanne. Wa pili wangu anateswa shuleni kwa sababu ya lafudhi, harudi na furaha, amefikia anasema tumbo linauma kila asubuhi na dokta haoni kitu. Nasoma huu uzi toka jana. Mimi sikumaliza sekondari, vita vilitukuta. Nitaruhusiwa? Na Kiingereza changu ni cha kuongea, kuandika sio sana. Mume wangu anasoma vizuri, yuko kiwandani usiku. Nyumbani mchana mimi niko.

mama_watatu (#12)

Mama Erie pole sana na mtoto. Tumbo la asubuhi hilo mimi nalijua, lisikilizwe.

Kwa sheria, Pennsylvania mzazi anayesimamia masomo lazima awe na cheti cha sekondari au kinacholingana nacho. Mume wako kama anacho, yeye ndiye atie sahihi kama msimamizi. Carolina Kaskazini nao wanataka cheti. Ohio na Texas hawaulizi. Lakini usihame kwa ajili ya sahihi tu. Kwanza nenda shule na mtu anayeandika Kiingereza vizuri, muandike barua kueleza mateso ya mtoto, tarehe na maneno aliyoambiwa, mbaki na kopi. Huenda wakalishughulikia, huenda hata kubadilisha shule kunatosha. Kamanda hapo juu anaweza kukuelekeza, najua ana moyo.

Kama mkiona bado, basi msomesheni huyo mmoja tu kwanza, wengine wabaki shule. Hakuna anayelazimisha kutoa wote wanne. Mume akiamka saa 8 mchana anamalizia Kiingereza, wewe asubuhi hesabu na kusoma kwa Kiswahili, ndiyo, kwa Kiswahili, mtoto anayesoma vizuri lugha moja ya pili inamfuata haraka.

Kuhusu lafudhi nikupe kisa. Ghorofa ya juu yetu hapa anaishi bibi mmoja wa Uvira, Kongo. Hajui kusoma. Wanangu walipofika hapa Kiswahili chao kilikuwa kinakufa, wananielewa wananijibu Kiingereza. Huyu bibi ana kitalu chake kwenye bustani ya jamii nyuma ya majengo, lengalenga (mchicha), maharage, maboga, na Kiingereza hana hata neno, kwa hiyo ukitaka kuchuma naye lazima uongee. Siku ya kwanza akamuuliza wa kati, "Weye unasomaka ku masomo gani?" Mtoto akanigeukia, hajaelewa, nikamwambia bibi anauliza unasoma shule gani. Akamjibu, "Nasoma nyumbani." Bibi akasimama na jani mkononi akasema, "Basi njo hapa pia ni masomo," akamuonyesha namna ya kukata lengalenga juu ya kifundo ili lichipue tena, usiling'oe. Miezi mitano baadaye mwanangu anaongea Kiswahili, cha Uvira na cha Muheza vimechanganyika, anasema "niko nakula" na "mingi sana", mzee wangu anamrekebisha, mimi namwambia mwache. Shangazi zake Muheza wakipiga video wanashangaa huyu mtoto kazaliwa Kongo lini. Lakini anaongea nao. Mwaka juzi alikuwa anakimbia simu.

Ndo kitu ambacho hakiko kwenye orodha yoyote ya miji bora. Nilipokuja kuangalia apatimenti hii, nilikuwa nauliza habari ya maegesho, nikamsikia mtu juu anaimba tenzi kwa Kiswahili anaanika nguo. Nikamwambia mzee tuchukue hii.

Dereva wa Sabini (#13)

Nimemsomea mke wangu hii kwa simu nikiwa nimepaki Effingham hapa. Ametaka kujua, mkienda kukagua mji mnaangalia nini hasa, naomba umpe orodha.

mama_watatu (#14)

Mwambie shemeji sina orodha ndefu. Afike siku ya kazi, mwezi mbaya, Novemba au Februari, sio Mei. Aache gari, atembee na watoto kutoka mlangoni mpaka maktaba na ahesabu dakika. Akifika amuulize mtu wa maktaba, "watoto wanaosomea nyumbani wanakuja lini?" Kama anataja siku papo hapo, wapo. Kama anafikiria, hawapo. Halafu aende duka la Waafrika, asimame kwenye foleni asikilize. Aangalie uwanja wa karibu saa 5 asubuhi kama kuna mtoto hata mmoja zaidi ya wake. Na apige simu wilaya ya shule kama mgeni tu aulize utaratibu, asikie sauti ya anayemjibu. Mimi kimji kile kingine, dada wa simu alivuta pumzi kabla hajanijibu. Hapa niliambiwa, "fomu iko kwenye tovuti, karibu Dayton."

Vimbunga vipo lakini, asije kusema sikumwambia, Mei 2019 vilipiga hapa vikali, vikang'oa mapaa upande wa kaskazini. Achukue nyumba yenye chumba cha chini au ajue jirani mwenye nacho.

mama_wa_Erie (#15)

Ahsante dada. Jana tumekwenda shule na kijana wa kanisani anayeandika vizuri, barua wameipokea, wamesaini kopi yetu. Wamesema watatuita ndani ya wiki. Mume wangu cheti chake cha sekondari kiko kwenye bahasha ya kambi, kimepigwa muhuri, tumekiona.

Lakini nataka kuona pia huko kwenu. Mume anasema kwa gari kama saa tano. Tukija Novemba, siku za kazi, tunaweza kuonana na huyo bibi? Mimi mama yangu alikuwa wa Uvira.

mama_watatu (#16)

Njooni. Leteni makoti. Nimepanda ngazi sasa hivi kumwambia, anauliza mama yako alikuwa wa upande gani, Kalundu au juu mlimani, na anauliza mnakula sombe na samaki au na karanga. Nijibu haraka maana amesimama mlangoni kwangu anasubiri.